Barua ya wazi kwa Mchunguzi wa Malalamiko ya Umma: jalada limefungwa, mtaro bado umeziba

Kwa Mheshimiwa Mchunguzi wa Malalamiko ya Umma,

YAH: NAMNA OFISI YAKO INAVYOSHUGHULIKIA MALALAMIKO YA WAKAZI DHIDI YA HALMASHAURI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, hii ni barua yangu ya tano kwako. Nne zilizotangulia nilizileta kwa mkono, kimyakimya, na kila nakala yangu ina mhuri wa mapokezi. Ya kwanza ilijibiwa kwa karatasi ya kuniarifu kwamba imepokelewa. Ya pili nikajibiwa kwamba suala langu "limepelekwa kwa mamlaka husika kwa hatua zaidi". Ya tatu haikujibiwa. Ya nne ilipata jibu la maneno mawili: "Jalada limefungwa." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima nikiyageuza huku na huku, ndipo nikaona hii ya tano niiandike mbele za watu. Sikusudii kukuvunjia heshima. Nisingeiheshimu ofisi yako nisingerudi mlangoni kwake mara nne.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa mmoja. Mtaa wenyewe sitautaja, wala halmashauri. Nikiutaja, wa mitaa mingine watasema hiyo ni shida ya watu wa kule, ilhali nao wana majalada yao yanayolala kwenye kabati hilo hilo.

Kisa ni kifupi. Nyuma ya safu ya nyumba zetu unapita mtaro wa maji ya mvua. Mkandarasi aliyekuwa akitengeneza barabara alimwaga kifusi humo, akamaliza kazi yake, akaondoka. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha saa moja tu, maji yanakosa pa kupita yanaingia vyumbani. Tuliiandikia halmashauri. Mhandisi alikuja, akapima, akakiri kwa maandishi kwamba mtaro umeziba, kwamba kuuzibua ni kazi ya halmashauri, na kwamba ungezibuliwa ndani ya siku 30. Barua yake ninayo. Zikapita siku 30, tukakumbusha. Tukakumbusha tena. Ikapita misimu miwili ya mvua, mtoto wa jirani akatumbukia humo akavunjika mkono, ndipo tukaja kwako.

Kwa wanaosoma barua hii bila kuijua ofisi yako, niseme kidogo. Mchunguzi wa malalamiko, ambaye wengi humwita ombudsmani, si mahakama na hatozi ada. Cheo hicho kilizaliwa Sweden mwaka 1809, na neno lenyewe ni la Kiswidi, lenye maana ya mtu anayesimama kwa niaba ya wengine. Mwaka 1962 New Zealand ikawa nchi ya kwanza nje ya nchi za kaskazini mwa Ulaya kuwa nacho. Mwaka 1966 Tanzania ikaunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Uingereza ilianza mwaka 1967 na wizara za serikali kuu peke yake, na mwaka 1974 sheria ikaleta wachunguzi wa halmashauri kwa upande wa England. Kokote kule wazo ni moja: mkazi anayeonewa na ofisi ya umma, asiye na fedha ya wakili, apate mtu mwenye mamlaka ya kwenda kuuliza, "Hapa kumetokea nini?" Sisi tulikuja kwako tukitafuta mtu wa kuuliza swali hilo. Yafuatayo ndiyo tunayolalamikia.

1. Lalamiko linarudishwa kwa anayelalamikiwa, kisha linahesabiwa kuwa limeshughulikiwa.

Barua yetu mliipeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri ile ile, mkamwomba "alishughulikie na kumjibu mlalamikaji moja kwa moja". Mkurugenzi akaishusha kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara akaishusha kwa mhandisi yule yule aliyetuahidi siku 30. Mhandisi akanipigia simu jioni moja kuniuliza kwa nini nimemshtaki juu badala ya kuzungumza naye. Waliosema kesi ya ngedere kapelekewa nyani hawakuwa wakitania.

Najua utakachosema: utaratibu unamtaka mlalamikaji amalize kwanza ngazi za ndani. Sipingi hata kidogo. Halmashauri nayo ina haki ya kupata nafasi ya kujirekebisha kabla haijachunguzwa, na karibu kila ofisi ya namna yako duniani inalitaka hilo. Lakini ngazi iliyo na mwanzo sharti iwe na mwisho. Tulikuwa tumeiandikia halmashauri mara tatu, na mkononi tulikuwa na karatasi ya mhandisi wao inayokiri. Tulibakiwa na ngazi gani?

Tazama wenzetu wanavyoliweka. Kanuni ya kushughulikia malalamiko ambayo mchunguzi wa halmashauri wa England aliitoa mwaka 2024 ina hatua mbili tu. Lalamiko likishapokewa rasmi, hatua ya kwanza hujibiwa ndani ya siku 10 za kazi, na mkazi asiporidhika, hatua ya pili hujibiwa ndani ya siku 20 za kazi. Ipo nafasi ya kuongeza muda kwa jambo gumu, ila mkazi aelezwe sababu. Baada ya hapo ngazi zimekwisha na mlango wa mchunguzi uko wazi. Kwetu sisi halmashauri ikinyamaza tu, ngazi hazimaliziki milele, na ukimya wao unaandikwa kwenye jalada kama upungufu wangu. Ofisi isiyojibu barua inapata kinga kwa sababu haijibu barua. Mheshimiwa, naomba usome sentensi hiyo mara mbili, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko mtaro wenyewe.

Kuna na hili la barua ya diwani. Dawati lenu la mapokezi liliniambia lalamiko "lingepata uzito" kama lingeambatana na barua ya diwani wetu. England nako walianza hivyo: sheria ya 1974 ilitaka lalamiko lipitie kwa diwani, na sharti hilo likaja kuondolewa mwaka 1988. Diwani wetu ni mtu mwema, lakini anaketi kwenye kikao kile kile kinachopitisha kazi za yule mhandisi. Siyo haki kumweka njia panda kati ya wapiga kura wake na wenzake wa kikaoni. Nanyi, kama sharti hilo halimo kwenye fomu yenu (na halimo, nimeisoma nyuma na mbele), wahudumu wenu wanalitoa wapi?

2. Mnachunguza kwa kusoma majibu ya halmashauri.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, kwa hiyo unisamehe nikirefusha.

Nilipoomba kuona majibu ya halmashauri niliambiwa ni nyaraka za ndani. Nilipoomba mara ya tatu nikaruhusiwa kuyasoma kaunta, nimesimama, bila kupiga picha wala kunakili. Yalikuwa ukurasa mmoja. Yalisema mtaro umezibuliwa, na kwamba picha imeambatishwa kuthibitisha. Nikaifungua picha.

Ilikuwa picha ya mtaro mzuri sana. Ulikuwa na mifuniko ya zege iliyopangwa kwa mstari, maji yanapita chini yake, na kando yake uzio wa matofali mekundu. Mtaro wetu haujawahi kuwa na mfuniko hata mmoja, ndiyo maana mtoto yule alitumbukia. Uzio wa matofali mekundu haupo mtaani kwetu, kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Sidai kwamba kuna mtu aliyekusudia kudanganya. Picha huchanganyika, na idara ile ina mitaro mingi. Ninalodai ni kwamba mkazi yeyote wa mtaa wetu, hata mtoto wa darasa la pili, angeoneshwa picha ile angesema "hapa si kwetu" kabla hajamaliza kuitazama. Hamkumwonesha yeyote. Mkaitia kwenye jalada, mkafunga. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Kutoka lango la ofisi yako mpaka kwenye mtaro ni mwendo wa dakika 35 kwa miguu. Nimeupima mwenyewe, kwa miguu hii yenye umri wa kustaafu.

Sikuombi kitu kigeni. Kanuni 25 zinazojulikana kama Kanuni za Venice, zilizopitishwa mwaka 2019 na tume ya wanasheria ya Baraza la Ulaya, zinasema mchunguzi awe na uwezo wa kuzifikia nyaraka na majengo bila kizuizi, na wa kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake hata kabla mtu hajalalamika. Desemba 2020 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 75/186 linalozihimiza nchi kuzizingatia kanuni hizo. Huko Sweden cheo hiki kilikoanzia, ukaguzi wa kwenda ofisini na kufungua majalada ya watu ni sehemu ya kazi tangu zamani. Na England, kabla uamuzi haujawa wa mwisho, rasimu yake hupelekwa pande zote mbili, mlalamikaji na halmashauri, kila mmoja aseme kama kuna kosa la ukweli. Hatua hiyo moja, ya karatasi moja ndani ya bahasha moja, ingetosha kuiumbua ile picha. Ningewajibu siku hiyo hiyo.

Utaniambia kwamba majibu ya halmashauri yanaweza kuwa na siri za watu wengine. Yafunikwe basi majina, yaletwe yaliyobaki. Mfuniko wa zege hauna siri.

3. Neno "sera" limekuwa mlango wa kutokea.

Katika barua yenu ya pili mliandika kwamba suala letu "linagusa vipaumbele vya bajeti, ambavyo ni uamuzi wa kisera wa madiwani". Naielewa hoja. Si kazi yako kuamua mtaa upi upate lami kwanza, na ukianza kufanya hivyo utakuwa unawapora madiwani kazi waliyochaguliwa kuifanya.

Ila sisi hatukulalamikia kipaumbele. Uamuzi ulikwishafanyika: mhandisi aliandika kwamba kazi ni yao na akataja muda. Tulilalamikia ahadi isiyotimizwa, barua zisizojibiwa, na taarifa isiyo ya kweli iliyoletwa kwako. Hayo ndiyo hasa yanayoitwa utawala mbovu. Mwaka 1966, sheria ya mchunguzi wa Uingereza ilipokuwa ikijadiliwa bungeni, waziri Richard Crossman alieleza utawala mbovu ni mambo ya aina gani, akataja upendeleo, uzembe, kutojali, ucheleweshaji, kutomudu kazi, maamuzi ya kiholela na mengine ya jamii hiyo. Chukua orodha hiyo, iweke kando ya jalada letu, uhesabu mwenyewe. Mimi nilifika manne nikaacha.

Hata kwenye mambo ya sera kweli, bado kuna maswali yaliyo ndani ya mipaka yako. Je, uamuzi ulifanyika kikaoni au ulifanyika kwenye korido? Waliokuwa na haki ya kusikilizwa walisikilizwa? Sababu ziliandikwa? Mchunguzi anaweza kuyauliza yote hayo bila kugusa shilingi moja ya bajeti.

4. Saa inahesabika upande mmoja.

Hili nitalipita haraka. Fomu yenu inamwambia mkazi kwamba asipolalamika ndani ya miezi 12 amepoteza nafasi. Ni sawa, kumbukumbu hufifia na watumishi huhama. Lakini ofisi yako ilikaa na lalamiko letu miezi 14 mpaka kulifunga, na hakuna mahali kwenye fomu panaposema ofisi ikichelewa itakuwaje.

5. Mnapowapa watu haki, haki hiyo haifiki.

Jirani yangu alishinda. Aliomba kibali cha kukarabati nyumba, halmashauri ikakaa nacho bila kusema ndiyo wala hapana, akaja kwako, na kwa sifa njema kabisa mchunguzi wenu mmoja alikuja, akamhoji, akaandika ripoti inayoeleweka. Ikapendekeza halmashauri imwombe radhi na itoe uamuzi ndani ya siku 21. Sasa ni mwezi wa nane. Hajaombwa radhi, hajapewa uamuzi. Alipouliza kwenu akaambiwa kazi ya ofisi inaishia kwenye mapendekezo.

Suala la meno ni pana, na nchi zimelijibu kwa namna mbalimbali. Afrika Kusini, tarehe 31 Machi 2016, Mahakama ya Katiba ilisema hatua za kurekebisha zinazoamriwa na Mlinzi wa Umma, ambaye ndiye mchunguzi wa malalamiko wa nchi hiyo, zinaifunga serikali mpaka mahakama izitengue; aliyehusika katika kesi hiyo alikuwa Rais mwenyewe, kuhusu fedha za umma zilizotumika kwenye makazi yake binafsi ya Nkandla. Huko ni mbali, na pengine sheria yako haifiki huko. Sawa.

Lakini ipo njia ya watu wasio na meno. Wachunguzi wa halmashauri wa England hawana uwezo wa kuilazimisha halmashauri ifuate mapendekezo yao. Wanachokuwa nacho ni mwanga. Ripoti yao ikitoka, sheria ya 1974 inaitaka halmashauri itangaze magazetini ndani ya wiki 2, na iiweke wazi kwa wiki 3 ili yeyote aisome bure. Kisha halmashauri ina miezi 3 ya kusema imefanya nini. Ikikaidi, mchunguzi huandika ripoti ya pili, na ukaidi ukiendelea, halmashauri inaweza kutakiwa kuchapisha taarifa gazetini ikieleza wananchi kwa nini imekataa. Mkurugenzi gani anataka kulipia tangazo la namna hiyo?

Kwa hiyo mkisema mamlaka yenu yanaishia kwenye mapendekezo, nauliza: orodha ya halmashauri zilizokataa mapendekezo yenu iko wapi? Hakuna sheria inayohitajika ili kubandika karatasi ukutani. Ripoti yenu ya mwaka ina kurasa nzuri za warsha na wageni waliotembelea ofisi, na ina jedwali la majalada yaliyofungwa. Majalada yaliyofungwa! La kwetu limo humo, limehesabiwa kama mafanikio.

6. Asiyejua kuandika hana mchunguzi.

Mwanzoni dawati lenu lilikuwa likipokea maelezo ya mdomo. Sasa kila mtu anaelekezwa kwenye fomu ya mtandaoni, na fomu hiyo haikubali kwenda ukurasa wa pili bila anwani ya barua pepe. Kwenye kamati yetu wapo wazee wanne ambao maji yaliharibu vyumba vyao kuliko changu, na hakuna hata mmoja aliye na barua pepe. Nimewaandikia mimi. Wasio na jirani mwenye muda je?

Ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya Tanzania niliyoitaja ilikuwa ikifunga safari kwenda mikoani, inafanya mikutano, inawaeleza watu kazi yake, na inapokea malalamiko pale pale kutoka kwa mtu aliyekuja kwa miguu na maneno yake kinywani. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, barabara zikiwa za vumbi, bila simu ya mkononi hata moja. Sisemi ofisi ile haikuwa na kasoro. Ripoti zake zilikwenda kwa Rais, na Rais mwenyewe alikuwa nje ya uwezo wake wa kuchunguza. Ila walijua kwamba mwenye shida kubwa mara nyingi ndiye asiyeweza kuja.

Mheshimiwa, natarajia baadhi ya majibu, basi niyajibu kabisa tusipotezeane muda.

Utasema watumishi ni wachache. Naamini. Lakini hesabu kazi iliyotumika kutojibu: barua nne kupokewa, kugongwa mihuri, kuingizwa masjala, kupelekwa halmashauri, kurudi, kuandikiwa majibu matatu, kufungwa jalada, kuombwa mapitio. Mtu mmoja kwa nusu siku, mwenye simu yenye kamera, angekuwa ameyamaliza yote.

Utasema halmashauri haina fedha. Basi na iandike hivyo. "Tunakiri mtaro umeziba, fedha hatuna, tutaingiza kwenye bajeti ijayo" ni jibu. Tungelikubali kwa shingo upande, tungelisoma kwenye mkutano wa mtaa, na mwaka ujao tungelikumbushia. Badala yake tuliletewa picha ya mtaro wa watu.

Utasema kuna utaratibu wa kuomba mapitio kabla ya kupiga kelele. Niliomba. Mapitio yalifanywa na ofisa yule yule aliyelifunga jalada, na akajikuta anakubaliana na yeye mwenyewe.

Na pengine mmoja wa wasaidizi wako atasema kuna wenye shida kubwa kuliko mtaro. Wapo, kweli. Ila mchunguzi asiyeweza kuthibitisha kama mtaro umezibuliwa, jambo ambalo jicho linaliona, atathibitishaje rushwa?

Tunayoomba ni haya.

(a) Jalada letu lifunguliwe upya, likabidhiwe mtu ambaye hakulishika mwanzo, naye afike kwenye mtaro kabla ya kuandika lolote.

(b) Kuanzia sasa lalamiko lisihesabiwe kuwa limeshughulikiwa kwa sababu tu limepelekwa kwa mlalamikiwa. Kwenye jedwali lenu kuwe na safu mbili: yaliyopelekwa, na yaliyotatuliwa. Hiyo ya pili ithibitishwe na mlalamikaji.

(c) Halmashauri iwekewe muda maalumu wa kujibu, na muda huo ukipita bila jibu, ngazi za ndani zihesabike zimekwisha.

(d) Mlalamikaji apewe majibu ya upande wa pili pamoja na rasimu ya uamuzi, na apewe walau siku 14 za kutoa maoni, kabla jalada halijafungwa.

(e) Orodha ya mapendekezo ambayo halmashauri hazijayatekeleza iwekwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, jina la halmashauri likiwa limeandikwa wazi. Anza na la jirani yangu. Ameniruhusu kusema hivyo.

(f) Dawati la maelezo ya mdomo lirudi, hata kwa siku mbili kwa wiki.

Kati ya hayo, (a) na (d) hayahitaji kikao wala fedha, na unaweza kuyaamuru kesho asubuhi. Yaliyobaki naelewa yanahitaji muda, na kamati yetu iko tayari kuitwa kuyajadili, kwenye ofisi yako au mtaani kwetu.

Nangoja jibu lako kwa siku 30. Ni zile zile alizojipa mhandisi, naona ni muda ambao nyote mmeuzoea. Zikipita bila jibu nitaandika ya sita, nayo itakuwa na picha za mtaro wetu, mtaro wetu kweli, zilizopigwa siku ya mvua.

Atakayetumwa kuja aingilie njia ya nyuma, upande wa mti mkubwa uliokatwa matawi. Upande wa barabara hapapitiki. Aje na viatu virefu vya mvua.

Wako katika kutafuta huduma bora,

Katibu,
Kamati ya Wakazi wa Mtaa

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Halmashauri
Mkurugenzi wa Halmashauri
Mhandisi wa Halmashauri (tafadhali asinipigie simu jioni, aandike)
Diwani wetu, kwa taarifa tu
Wakazi wote wenye majalada yaliyofungwa